Mwashi wa Shemine Tatu

Butembo ina nyumba nyingi za watu wenye mali, na kila mwaka zinaongezeka: ghorofa za vioo vya buluu, nguzo zilizopakwa rangi ya dhahabu, mageti ambayo yakifunguliwa mtaa mzima unasikia. Lakini ukimwambia mwendesha pikipiki akupeleke Shemine Tatu, hatakuuliza mara mbili. Ni ile nyumba kubwa ya matofali, juu kidogo ya bonde la Kimemi. Ina dohani tatu juu ya paa, ndizo shemine zenyewe, kwa sababu Mgiriki aliyeijenga, mnunuzi wa kahawa aliyeitwa Yorgo, alikuja huku akidhani Afrika yote ni joto, akakuta watu wa Butembo wanalala na mablanketi mawili.

Nyuma ya nyumba hiyo, kwenye vyumba viwili ambavyo zamani vilikuwa vya mpishi, anaishi mzee Muyisa Onésime, mwashi. Ana miaka sabini na moja. Macho yake yalizimika kabisa miaka tisa iliyopita. Daktari alisema ni presha ya macho. Muyisa mwenyewe husema macho yalichoka kutazama kuta zinazojengwa na vijana wa siku hizi. Ndivyo alivyo, Mungu alimnyang'anya macho akamwachia ulimi.

Kila asubuhi, akishakunywa chai yake, mzee huingia nyumba kubwa kwa mlango wa jikoni na kuizunguka yote peke yake. Hashiki fimbo. Hashikwi mkono. Mkewe, Kavuo, ambaye mtaa mzima humwita Mama Kaswera kwa jina la binti yao, humwachia mlango wazi na kwenda zake. Muyisa huweka vidole vya mkono wa kushoto ukutani, akaanza kuhesabu. Korido ni hatua ishirini na mbili. Upande wa kulia kuna saluni, yaani sebule, yenye shemine ya kwanza, ile kubwa, ambayo ndani yake mtu mzima anaweza kusimama akiinama kidogo. Dari ni mbao za libuyu kutoka misitu ya Beni, na mvua ikikaribia zinalia. Kisha chumba cha kulia chakula, na sakafu ya simenti nyekundu iliyosuguliwa kwa nta hadi mguu unateleza. Kisha baraza ya mbele, matao matano, kila tao lina matofali thelathini na tisa yaliyokatwa kwa mkono. Anajua idadi hiyo kwa sababu marehemu baba yake alikuwa kwenye kikosi cha mafundi walioyakata, mwaka 1949, na alimhesabia mwanawe kama wengine wanavyohesabu ng'ombe.

Kuta zenyewe ni nene kuliko mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Zilijengwa kwa matofali ya kuchoma, yakashikwa kwa udongo uliochanganywa na chokaa, na juu yake zikapigwa lipu ya chokaa tupu. Yorgo hakubahatika kuzeekea ndani ya nyumba yake. Serikali ilipogawa mali za wageni, mwaka 1974, nyumba alipewa mkubwa mmoja ambaye sitamtaja, maana hata mbuzi aliowafuga saluni walikuwa na adabu kumshinda. Ndipo, mwaka 1981, Mzee Mashaka akainunua. Mashaka alikuwa Mwislamu wa Beni, mwenye malori, mtu wa sauti ndogo na moyo mkubwa. Alimwita kijana mwashi aliyekuwa akisifiwa mjini, akamwambia arudishe nyumba kuwa nyumba. Kijana huyo alikuwa Muyisa.

Basi miaka thelathini na zaidi mzee alizipanda kuta hizo, akaziba, akapaka, akabadilisha vigae. Alipopofuka, dunia yote ilimfunga mlango isipokuwa nyumba hiyo. Nje hawezi hatua kumi: barabara ya Butembo ina mashimo, ina pikipiki, ina watu wasioona ingawa wana macho. Siku moja binti yao Kaswera alimchukua kukaa kwake Mangina. Huko, wiki mbili nzima, alikaa kwenye kiti mbele ya mlango kama mzigo unaosubiri gari. Alipojaribu kwenda chooni peke yake akaanguka mtaroni, na wajukuu wakamtoa wakilia. Alirudi Butembo bila kusema neno njiani. Alipoingia korido ya Shemine Tatu na kugusa ukuta, Kavuo alimwona anatabasamu kama mtoto. Ndani ya nyumba hiyo Muyisa alikuwa bado mwanaume aliyekamilika, na hakuwa na mahali pengine popote pa kuwa hivyo.

Sasa Mzee Mashaka amekufa, na nyumba imemwangukia binti yake, Hawa, anayefanya biashara ya vitambaa Beni na kukaa kwenye mtaa wa Mulekera. Mwezi wa tano mwaka huu Hawa alikuja na mhandisi, kijana mmoja mpole anayeitwa Sadrack, mwenye mita inayopima kwa taa na karatasi zilizokunjwa. Walizunguka nyumba asubuhi nzima. Nyumba ilikuwa imejaa watu kama kawaida yake, maana ukoo wa Mashaka haukuwahi kukosa wageni: madereva wanaopumzika, jamaa waliokimbia vijiji vya huko Beni na mabegi yao, wanawake na mabeseni. Sadrack alipita katikati yao akipima, akifika ukuta wa magharibi akasimama muda mrefu.

Baadaye Hawa akaja kuketi na Muyisa na Kavuo penye matao. Alianza kwa salamu ndefu, na mtu wa Butembo akisikia salamu ndefu hivyo anajua kuna jambo.

"Papa Muyisa," akasema, "hii nyumba imezeeka. Ingénieur anasema ukuta ya huku imetoka inje bidole ine. Siku moja itaangukia batu. Njo maana tunataka kuibomoa, tujenge étage, magasin za kuuzia chini, batu ba kulala juu."

Vidole vya Muyisa vikatafuta ukuta.

"Mais hapana ogopa, Papa. Tutakupatia chumba kwetu Mulekera, weye na Mama. Chumba kizuri, karibu na mlango."

"Wasingya, mama," akasema Kavuo kwa Kinande, lugha ya kwao, yaani asante. Mkono wake ulikuwa umeshika kitenge chake kwa nguvu.

Sasa msomaji, hapa lazima nikuambie jambo ambalo Muyisa hakuwahi kumwambia mtu, hata padri. Ukuta ule wa magharibi ndio unaopigwa na mvua. Lipu yake ya chokaa ilikuwa ikimomonyoka, na kila baada ya miaka miwili ilibidi ipakwe tena. Mwaka 1986, simenti ilipokuwa inaingia kwa wingi kutoka mpakani, Kasindi, Butembo yote ilishikwa na homa ya simenti. Aliyekuwa na nyumba ya udongo aliipaka simenti mbele, hata kama nyuma kuku walikuwa wanapita. Na Muyisa, fundi kijana aliyetaka jina, alikwangua chokaa yote ya ukuta ule, akaupiga simenti kutoka chini hadi juu, nene kama kidole gumba, laini kama shavu. Watu walikuja kuutazama Jumapili baada ya misa. Mzee Mashaka alichinja mbuzi, akasimama mbele ya mafundi wote, akasema: "Vile vyumba viwili vya nyuma ni vyako, Muyisa, mpaka siku ya kufa kwako." Vyumba hivyo ndivyo anavyolala hadi leo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisahau kusema uzibe kwa kitu gani. Muyisa aliyejua kila kitu kwa macho hakuona kosa lake. Muyisa kipofu ndiye aliyeligundua. Mwaka baada ya mwaka, vidole vyake vilipopita upande wa ndani wa ukuta ule, vilikuta baridi na unyevu, hata kiangazi, wakati kuta nyingine zilizobaki na chokaa ya Yorgo zilikuwa kavu kama unga. Alielewa polepole. Maji yaliingia kwa juu na kwa chini, na simenti ikayafungia ndani yasitoke. Udongo kati ya matofali ukarudi kuwa tope. Nyumba haikuwa imezeeka, yeye ndiye aliyeifunga pumzi. Miaka mitano alikaa na siri hiyo, na kila mtu aliposifu ukuta ule, chakula kilimkwama.

Akisema, atapoteza jina, na pengine vyumba pia, maana ni zawadi ya kazi iliyokuwa kosa. Asiposema, nyumba itabomolewa kwa dhambi ambayo si ya nyumba. Alikaa hapo penye matao, mikono juu ya magoti.

"Hawa, mutoto yangu," akasema mwishowe. "Lete mukono."

Alisimama, akamshika Hawa, akamwongoza yeye, kipofu akimwongoza mwenye macho, hadi ukuta wa kaskazini. Akaweka kiganja chake pale. "Gusa hapa." Kisha wakaenda ukuta wa magharibi. "Sasa gusa huku."

"Huku iko na baridi," Hawa akasema.

"Iko na maji. Nyumba haizeeke, mama. Miye njo niliigonjwesha. Miye na ciment yangu." Akaeleza yote, bila kujitetea, mwanzo hadi mwisho. Sadrack, aliyekuwa amesogea karibu, alitaka kusema kitu cha vitabuni, badala yake akainamia vifaa vyake. Akachukua nyundo, akagonga kipande cha simenti kando ya dirisha. Kikatoka kama ubao. Nyuma yake udongo ulikuwa mweusi, na tone la maji likashuka taratibu, ingawa mvua haikuwa imenyesha siku kumi.

Hawa alilifuta tone lile kwa kidole. "Papa yangu alichinja mbuzi juu ya hii ukuta," akasema.

"Ndiyo. Na miye nilikula ile mbuzi. Mafuta yake yangali iko hapa." Akajigusa koo.

Kuna watu wangekasirika. Hawa alikuwa na haki yote ya kukasirika. Lakini alianza kucheka, kicheko kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

"Papa alikuwa ananiambiaka: Muyisa hawezi kukudanganya," akasema. "Saa hii nimefikiri alikosea. Kumbe ulikuwa unachelewa tu." Akageukia Sadrack. "Ingénieur, toeni hii ciment yote. Kama matofali ya ndani iko nzima, nyumba inabaki, magasin tutajenga kule kwenye bustani. Kama imeoza, tunabomoa. Na vile vyumba," akamwambia mzee, "ni neno ya Papa. Neno ya mufu hairudie nyuma."

Mwezi wa sita, mvua zilipopungua, kazi ikaanza. Muyisa hakukubali kukaa pembeni. Alipewa nyundo ndogo, akapita ukuta wote akigonga na kusikiliza, na alipogonga mahali pakalia kama ngoma tupu, alichora alama kwa chaki. Vijana wa Sadrack walimfuata wakibandua. Sadrack mwenyewe alianza kwa kutabasamu pembeni, akamaliza kwa kumfuata mzee na daftari akiandika. Mwisho wa wiki ya tatu ukuta ulikuwa uchi wote, ukipumua kwa mara ya kwanza tangu 1986. Safu tano za chini zilikuwa zimeoza, zikatolewa moja moja na kubadilishwa. Za juu, matofali ya mwaka 1949, zilikuwa nzima. Ukigonga zililia kama sahani. Sadrack alipima kwa timazi, akapima tena, akakuta kilichotoka nje ni lipu ya simenti tu, akamwita Hawa kwenye simu. Nyumba ilibaki.

Muyisa alilia siku ile, na hakujificha. Halafu, kama ilivyo desturi yake, akaanza kujisifu. Aliendelea na mzunguko wake kila asubuhi, hata katikati ya kazi, na aliwaambia vijana wa Sadrack: "Muko naona? Mbao huku, mchanga huku, na miye nagusa hata kitu kimoja? Hapana. Hii nyumba inanijua. Nyumba yenyewe njo inanipitisha." Vijana walikohoa. Mmoja alijigeuza akatazama matao.

Mwezi wa saba Kavuo alipata habari kwamba dada yake wa Musienene anavuna maharagwe na hana mtu wa kumsaidia. Alisita siku mbili. "Siku tatu tu," akamwambia mumewe, na alisema kwa namna ya ajabu, kana kwamba anaomba ruhusa ya kitu kikubwa zaidi. "Papa Kaswera, ukae nyumbani kwetu. Hapana zunguka mpaka nirudi."

"Miye?" akasema Muyisa. "Miye hapana zunguka? Enda uvune maharagwe yako."

Asubuhi ya kwanza bila Kavuo, mzee alikunywa chai baridi, akaingia kwa mlango wa jikoni, akaweka vidole ukutani. Hatua ya nne, goti lake likagonga toroli. Akasimama. Akalizunguka, akahesabu upya, hatua ya tisa mlango uliokuwa nusu wazi ukampiga paji la uso. Akaushika mlango ule. Haukuwahi kuwa pale. Saluni akaingiza mguu ndani ya beseni la maji, na alipotaka kushika ukuta akashika begi la mgeni. Watu walimkimbilia, "Pole, Papa, pole," akawasukuma. Alifika katikati ya korido na hakujua tena kama ni hatua ya kumi na mbili au ya ishirini. Akakaa chini, sakafuni, kwenye simenti nyekundu. Damu ilikuwa inashuka kwenye nyusi.

Sadrack alimkuta hapo. Alipiga magoti mbele yake na kitambaa.

"Niliiponyesha," akasema Muyisa, "na ikanisahau. Nyumba ilinisahau, mutoto yangu. Sina tena mahali."

Sadrack alimfuta damu bila haraka. Alikuwa ameahidi kunyamaza, na alikuwa mtu wa ahadi, lakini hakuweza.

"Papa," akasema, "nyumba haikusahau. Mama njo hayuko."

"Mama anaingia wapi mu hii?"

"Anapitaka mbele yako. Kila siku. Weye ukiwa na chai, yeye anaingia kwanza. Anatoa biatu, anatoa ndoo, anasukuma biti, anafunga milango, anaambia batu basogeze mabegi. Halafu anatoka mu mulango ingine. Siye wote tunajua. Alituambia mwenye atakuambia, atamumwangia maji ya kufulia." Akafikiri kidogo. "Donc mi niko nangoja maji."

Muyisa hakucheka. Alikaa pale muda mrefu hata Sadrack akaketi naye. Alikuwa anahesabu kitu kingine sasa: asubuhi tatu elfu na zaidi, chai iliyokuwa moto mno kila siku ili achelewe kuimaliza, na nyayo ambazo hakuwahi kuzisikia kwa sababu alikuwa anasikiliza kuta tu.

Kavuo alirudi siku ya tatu mchana, juu ya pikipiki, na gunia la viazi na maharagwe mabichi kwenye kikapu. Aliona kidonda kwenye paji la uso, akaacha kikapu kikadondoka.

"Tangu lini?" mumewe akamwuliza.

"Tangu lini nini?"

"Mama Kaswera."

Akajua. Akaketi kwenye kizingiti kando yake, akavua kandambili moja, akaikung'uta vumbi la Musienene.

"Tangu ile siku ya kwanza ulizunguka bila macho," akasema. "Ulipiga goti kwenye kiti, ukarudi humu ndani, ukalala siku mbili uso ukutani. Nikasema, hapana, hii haiwezi kuwa mara ya pili."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha," Kavuo akasema. "Ulikuwa unarudi unajisifu. Mi napenda ukijisifu."

Kavuo alimshika mumewe mkono, akaupitisha kwenye uso wake mwenyewe, kwenye mashavu yaliyolowa, na Muyisa akaugusa kama anavyogusa ukuta anaotaka kuujua. Muyisa alimwambia anampenda, kwa Kinande, maneno ambayo wazee wa kwetu huyasema mara moja kila miaka ishirini, na kwa sauti ya chini.

Kesho yake chai ilikuwa moto kama kawaida. Muyisa hakuigusa. Alitembea polepole hadi mlango wa jikoni, akasimama nje. Ndani alisikia, kwa mara ya kwanza, begi likiburutwa, kiti kikiinuliwa, mlango ukifungwa taratibu sana ili usilie. Alisikia jinsi mtu huyo alivyochoka magoti.

"Polepole, Mama Kaswera," akasema. "Niko nyuma yako."